Mruka wa Mpakani

Kilema, Jumamosi alasiri

Veva mwanangu,

Barua za watu wenye adabu huanza kwa kuuliza afya. Mimi nakuona hapa dirishani, umeketi kwenye kigoda mama yako akikusuka, na kila akikaza uzi unakunja uso, kwa hiyo najua u mzima. Kesho alfajiri utapanda basi la kwenda Songea, na sitakuona tena mpaka Krismasi, kama hiyo hospitali iliyokuajiri itakupa likizo. Nimeona nikuandikie sasa mwanga ukiwa bado unaingia, maana miwani yangu na koroboi havipatani.

Mambo ya blanketi na maji ya kuchemsha na nani wa kumwachia ufunguo wa chumba, mama yako ameyamaliza tangu juzi, tena amerudia. Sina la kuongeza. Ya kwangu ni mawili tu. La kwanza ni ile karatasi ya mradi wa msitu, ambayo ina nafasi tupu ya jina la mtu atakayelitunza korongo baada yangu. Nataka jina hilo liwe lako. La pili ni swali uliloniuliza ukiwa na miaka kumi na minne, nami nikakujibu vibaya. Siwezi kukuomba la kwanza kabla sijalijibu la pili.

Utauliza kwa nini nisikuite tu nikakwambia. Unanijua, mama. Jambo zito likifika kooni mwangu linageuka utani, wewe unacheka, chai inaletwa, na mambo yanaishia hapo. Karatasi haicheki, kwa hiyo ngoja nijaribu nayo.

Korongo unalifahamu, lakini nitakueleza kama mgeni, kwa sababu una miaka kumi hujashuka kule. Kwa juu linashikana na msitu mkubwa wa mlima. Kwa chini linafika kwenye miti ya mtoni. Katikati linapita kwenye vihamba, mashamba ya ukoo, vya familia tano, kila moja na kipande chake, na kingo zake ni kali, hata mgomba unateleza. Babu yako hakuruhusu panga lishuke mle. Maji ya mfongo wetu, mfereji wa kijiji, yalichimbuka mle, mizinga yake ya nyuki ilining'inia mle, na mbega walipita mle kwenda mtoni na kurudi, juu kwa juu, bila kugusa ardhi. Alikuwa akisema hiyo ni barabara yao na sisi tumejenga pembeni yake. Tulikuwa tunamcheka.

Mimi nilikuwa seremala. Hilo ndilo lililoniharibu macho. Mtu mwingine akiona mringaringa anaona kivuli cha kahawa yake, mimi naona milango miwili ya kabati na ubao wa kitanda. Nilikuwa naweza kusimama kanisani wakati wa mahubiri nikahesabu mbao zilizomo kwenye mti ulio nje ya dirisha. Mungu anisamehe, lakini nilikuwa fundi mzuri, na hilo sitalifuta hata kwenye barua ya toba.

Kisha kahawa ikaanguka. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka tu kwamba tuliacha kunywa chai na maziwa kila siku. Wanunuzi wapya walikuja na magari yao, leo bei hii, kesho hawaonekani. Watu waling'oa mibuni ya babu zao wakapanda nyanya. Mimi nikajiona mjanja kuliko wote. Nikasema, siku hizi biashara ni huria, kila mtu atakula kwa urefu wa kamba yake, na kamba yangu ni randa na msumeno. Nikapanga chumba mjini, Majengo, pale karibu na msikiti, nikanunua bati la kibao na rangi nyekundu, nikaandika mwenyewe jina la duka la samani. Kilichokosekana kilikuwa mbao.

Nilikata kipande chetu chote cha korongo. Niliajiri wapasuaji wawili wenye msumeno wa kuvutana, wakakaa siku tisa. Ukingo ulipobaki mweupe, niliona bado kuna mmoja: ule mruka wa mpakani, kati yetu na Mzee Ndemasi. Mti ule ulikuwa wetu sote wawili. Baba yake na babu yako waliupandia isale, mmea wetu wa mpaka na wa kuombea msamaha, shinani pande zote mbili, na unajua isale likishasimama mpakani halina mjadala. Nilisubiri Mzee Ndemasi na mkewe waliposhuka Chekereni kuvuna mpunga wao. Kwetu huku kila mtu ana shamba la juu na shamba la chini, na wakati wa mavuno ya chini nyumba ya juu inabaki na kuku tu. Nilivizia hivyo. Waliporudi baada ya wiki mbili na magunia yao, mruka ulikuwa mbao, na mbao karibu zote zilikuwa Majengo.

Alikuja asubuhi hiyohiyo, hajavua hata viatu vya matope. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Baba Deo, mti uko wapi?"

Sikuwa nimejiandaa. Ulikuwa umepita hapo nyuma yangu na ndoo ya maji, na barua yako ya kuchaguliwa sekondari ilikuwa imefika mwezi uleule. Neno likatoka lenyewe. Nikamwambia, "Mtoto anakwenda bweni, jirani. Ada."

Kwetu Uchagani ukitaja ada ya mtoto, hata padri ananyamaza. Mtu anaweza kuuza bati la juu ya kichwa chake, wakamsifu. Mzee Ndemasi alinitazama, akakutazama wewe, akaondoka. Mimi nikaona nimeponea. Kuanzia siku hiyo kijiji kizima kilisema miti ya korongo ilikwenda shule pamoja na Veva, na mimi niliwaacha waseme.

Sasa siku ya mbega. Unaikumbuka kuliko mimi, lakini niandike ili ujue kwamba nami nimeikumbuka. Walikuwa wamebaki wachache kwa chini, kwenye miti ya mtoni, na juu wamekatiwa njia. Jike mmoja mwenye mtoto, yule mtoto mweupe kama pamba, alishuka chini akajaribu kuvuka kipande chetu kwa miguu. Mbega akiwa mtini ni mfalme, akiwa ardhini hajui hata kukimbia. Mbwa wa kijiji walifika kabla hajafika katikati. Ulikuwa unatoka mfongoni. Uliwapiga mbwa kwa ndoo mpaka ndoo ikapasuka, na haikusaidia kitu.

Ulikuja karakana, ile ya nyuma ya nyumba, ukasimama mlangoni. Nilikuwa napiga randa ubao wa mruka uleule. Ukaniuliza, "Baba, ni kwa sababu yangu?"

Nami nikakujibu bila kuacha randa, "Wewe soma kwa bidii, isiwe bure."

Ulisoma kwa bidii. Kila ripoti uliyoileta nyumbani uliniwekea mezani kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Na korongoni hukushuka tena. Likizo zote ulizunguka na ndoo kwa njia ndefu ya kanisani. Nililiona hilo, mwanangu. Mama yako aliliona. Nilijiambia mtoto amekua, anapenda njia pana.

Duka la Majengo lilikufa kabla ya mwaka kwisha. Viti vya plastiki viliingia mjini kwa malori, na makochi kutoka nje, laini, yenye maua. Makabati yangu yalikaa mpaka mchwa wakayajua kwa majina. Chumba nilikirudisha kwa mwenyewe, kibao nikakileta nyumbani, ndicho kile kinachoziba dirisha la banda la kuku. Ukikitazama vizuri bado rangi nyekundu inaonekana. Mfongo nao ulianza kukauka kila kiangazi, na hapo ndipo majirani waliacha kunisifu kwa kusomesha.

Miaka mitano iliyopita, ulipokuwa chuoni, ndipo alipokuja yule dada wa mradi, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Alituamkia shikamoo sote mmoja mmoja, tukampenda kwa hilo. Tulikaa ofisi ya kijiji. Akasema kuna watu wako tayari kuwalipa wenye makorongo, kila mwaka, ili wayaache na miti yake, na walipokata wapande. Akasema mbega wa chini wamefungiwa peke yao, watazaliana ndugu kwa ndugu mpaka waishe. Wazee wakaguna. Ndugu kuoana ni jambo ambalo kwetu halitajwi hata kwa wanyama.

Mama mmoja wa nyuma akauliza, "Mtu alipwe kwa kutofanya kazi? Basi mume wangu atatutajirisha." Tulicheka mpaka dada wa mradi akafuta machozi.

Lakini sharti lilikuwa moja. Korongo lazima lishikane toka juu mpaka chini. Familia tano zisaini zote, au hakuna anayelipwa, kwa sababu mbega hawezi kuruka pengo la mtu mmoja. Watatu walikubali palepale. Mimi nilikubali kwa haraka ambayo sasa inanitia aibu. Mzee Ndemasi akasimama, akavaa kofia yake. Akasema, "Mimi nimekaa na miti yangu tangu baba yangu afe, hakuna aliyenilipa. Leo nalipwa sawa na aliyekata. Mimi simo." Akatoka.

Watu walinigeukia. Nadhani ni mara ya kwanza nilijiona kama wanavyoniona.

Nilifanya kile ambacho mjinga yeyote mwenye fedha kidogo angefanya. Nilimwomba mama yako atengeneze mbege, nzuri, ya siku kamili, yenye gome la msesewe la kutia uchungu, nikabeba debe zima mpaka kwa Mzee Ndemasi. Nikamwambia asaini, na malipo yangu ya mwaka wa kwanza yawe yake yote. Alichota kwa kata, akainusa, akarudisha kata ndani ya debe. Akaniuliza, "Huu uchungu ni wa msesewe wa korongo gani, Baba Deo? La kwako halina hata mmoja." Nikabeba debe langu kurudi. Debe lililojaa ni zito zaidi likirudi, hilo nakuhakikishia.

Mama yako alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Umepeleka pombe kabla ya isale. Ulifundishwa na nani?" Nikaweka debe chini. Akaongeza, "Na hilo isale utalipeleka ukisema nini? Habari za ada?"

Nilikaa siku tatu. Kisha nikakata jani la isale, refu, lenye afya, kutoka shina lilelile la mpakani ambalo mti wake niliuondoa, nikalifunga fundo kama alivyonifundisha babu yako. Nilikwenda asubuhi bila kofia. Aliniacha nisimame getini mpaka mkewe alipotoka naye akasimama. Ndipo akasema, "Haya, sema."

Nikasema nimekata mti wa baba zetu wakati yeye hayupo. Nikasema nilivizia. Nikasema ilikuwa ni kwa ajili ya ada ya mtoto.

Mkewe akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Akaniuliza, "Baba Deo, yule mtamba wa mkeo, unadhani alikwenda wapi?"

Veva, mama yako alikuwa na mtamba wake mwenyewe, ng'ombe yule mwekundu mwenye doa, uliyempa jina la Malaika. Tulikwambia alikufa kwa ugonjwa. Hakufa. Mama yako alimwuza ili ulipiwe ada ya mwaka wa kwanza, wiki mbili kabla sijagusa mruka, na aliyemnunua, nami sikujua, alikuwa mke wa Ndemasi. Uzao wake uko zizini kwao mpaka leo. Walijua tangu siku ile ya kwanza, matope yakiwa miguuni, kwamba nilikuwa namwaga uongo juu ya kichwa cha mtoto aliyesimama na ndoo. Siyo mti uliomfanya akatae kusaini. Alikuwa amekwisha kuulilia ule mti akaumaliza. Ni kwamba nilikufanya wewe ndiye shoka.

Na mama yako alinyamaza miaka yote hiyo kwa heshima yangu. Sijawahi kuona zawadi nzito kama hiyo, na sikuiomba wala sikuistahili.

Nililia pale getini. Nakwambia hivyo kwa sababu hujawahi kuniona. Nikaanza upya, nikasema yote, duka na kibao na makabati. Mzee Ndemasi akapokea isale. Unajua mila, likishaletwa halikataliwi. Akasema, "Nimelipokea. Bado nimekasirika, lakini nimelipokea." Kisha akasema, "Hili ni langu. La mtoto utalipeleka mwenyewe."

Alisaini Jumatatu iliyofuata. Tulipanda pengo pamoja, yeye na mimi, mringaringa na mruka na misesewe, mimi nikichimba na yeye akinikosoa. Malipo yanakuja kila mwaka. Si ya kumtajirisha mtu, lakini yanatosha mwaka wa kahawa mbaya mtu asiutazame mti kwa jicho nililokuwa nalo. Naamini katika mpango huu, mwanangu, nakwambia bila wasiwasi. Kuna wanaosema mzungu akichoka fedha itakatika na miti itakatwa. Labda fedha itakatika. Mimi nimeona watu watano waliokuwa hawasalimiani wakikagua korongo pamoja kila baada ya mvua, na mfongo umerudi, kiangazi kilichopita haukukauka. Hayo hayakatiki kirahisi.

Na juma la Pasaka mwaka huu Mzee Ndemasi alikuja kunigongea, akaniashiria kwa kidole nisiseme. Tulikaa nyuma ya migomba yake, wazee wawili wenye magoti mabovu, tumeinama kama wezi. Walipita mbega wanne. Mringaringa wetu bado mwembamba, ulipinda chini ya yule mkubwa mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa amefika upande wa juu. Wa mwisho alikuwa jike, na tumboni alibeba kitu cheupe. Mzee Ndemasi alinishika mkono. Kisha tukaenda kwake kunywa chai.

Miaka mitano ya mwanzo imekwisha. Sasa mkataba mpya ni mrefu kuliko maisha yangu, ndiyo maana wanataka jina la pili. Kaka zako wote wawili, Deo na Kasto, wanalitaka korongo, tena sana, tangu waliposikia habari za malipo. Zamani walisema halilimiki. Kasto amenikumbusha kwamba kihamba ni cha wanaume na msichana huolewa. Nimemwambia nyumba na migomba ni yake kama mila inavyotaka, ila korongo haliolewi, na nitamwandika nimtakaye. Ninakutaka wewe kwa sababu kati ya watu wote wa nyumba hii ni wewe peke yako uliyepiga mbwa kwa ndoo.

Ila sitakununua. Karatasi ameishika mama yako, siyo mimi. Ukiisaini kabla ya kupanda basi, sawa. Ukitaka kuipeleka Songea ukaifikirie, sawa. Ukikataa, nitamwandika Kasto na sitanuna zaidi ya siku mbili. Nilitaka tu usiisaini ukidhani unalipa deni, kama ulivyoleta zile ripoti. Huna deni hapa.

Nimechelewa miaka mitano kufanya nilichoagizwa getini kwa Ndemasi. Kila likizo nilikata jani, kila likizo lilikauka juu ya kabati. Mzee hapeleki isale kwa mtoto wake, sijasikia kokote, na nilijificha nyuma ya hilo. Leo asubuhi nimekata jingine. Limo ndani ya bahasha hii, limefungwa fundo, bado bichi. Hili si la korongo wala la karatasi. Ni la mlango wa karakana.

Mama yako amemaliza kusuka, naona anakupa kioo. Dakika chache zijazo utaniita nije nikutazame, nami nitasema kitu cha kijinga kuhusu kichwa chako. Usiku nitaitia bahasha hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, uisome kabla hujalala.

Uliniuliza, ukiwa umesimama na mpini wa ndoo iliyopasuka mkononi, kama ni kwa sababu yako.

Hapana, mama. Hata mti mmoja.

Ni mimi baba yako, niliyeacha randa.